Nyuma ya Mlango

Kasuku alipiga ukelele tena, na mwalimu mstaafu akashika kitasa cha mlango, tayari kuingia kumkaripia.

"Usiingie, baba," akanong'ona mke wa mwanawe, akimbembeleza mtoto. "Anapiga kelele ili uje. Ukimfokea, umempa anachotaka. Na asipobadilika, kesho tunamhamisha."

Mzee akasaga meno. Kitasa kililowa jasho kiganjani mwake. Darasani kwake hakuna aliyewahi kumkaidi namna hii, na bado alimpenda ndege huyu.

Ndani, kelele zikafifia, zikakoma. Mzee akaachia kitasa polepole. Mtoto akaanza kulia.

"Kimya! Nani huyo anayepiga kelele?" ikafoka sauti ya mzee, kutoka tunduni mwa kasuku.

Mtoto akazidi kulia. Mama yake hakuutazama mlango, alimtazama mzee.