Mazungumzo ya Mezani

Mwalimu wa Kiingereza aliwaita Mishi na mumewe, Kombo, mbele ya darasa wasome mazungumzo ya mume na mke wanaokula chakula cha jioni. Walikuwa wakijifunza ili wahamie ng'ambo. Mtoto wao wa pekee alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo nyumbani hawakuzungumza ila kuulizana chumvi iko wapi.

"Habari za kazi, mpenzi?" Mishi alisoma kwa Kiingereza.

"Nzuri sana, asante. Chakula ni kitamu," Kombo akajibu, kidole kikifuata mstari.

Wenzao wakacheka. Ilikuwa zamu ya Mishi kusema kwamba huenda kesho mvua ikanyesha. Akakifunga kitabu.

"Mtoto alikuita," alisema kwa Kiingereza cha kubabaisha. "Hospitali. Wewe hapana kuja. Kwa nini?"

"Dada Mishi, hilo halimo kitabuni," mwalimu akasema taratibu.

"Najua, mwalimu. Watu wa humu hawaulizani kitu."

Kombo alifunua ukurasa, akaurudisha. Kwa lugha yao angepata pa kujificha: kazi, safari, majaliwa ya Mungu. Kwa Kiingereza alikuwa na maneno machache tu.

"Naogopa," akasema.

Mwalimu alifumbua kinywa amsahihishe, kwamba ilipasa kuwa "niliogopa," kisha akakifumba. Mishi alibaki amesimama, macho kwa mumewe, akingoja sentensi inayofuata.