Kura ya Fuko

Hapo kale, lakini si kale sana, maana wanyama wa bondeni walikuwa wameshapata simu, Chiriku aliongoza kundi lao la mtandaoni. Yeye ndiye aliyeweka kanuni: kura hufungwa adhuhuri, na asiyepiga kura mara tatu mfululizo hutolewa.

Wa kwanza kutolewa alikuwa Fuko. Huko kwake chini ya ardhi mtandao ulishika kwa nadra.

"Uvivu tu," alisema Chiriku, akamfuta.

Msimu wa kutaga ukafika. Chiriku aliatamia mayai yake, asithubutu kukiacha kiota kwenda kuchaji simu. Makinda walipoanguliwa, aliichaji na kuiwasha, akakuta naye ametolewa. Akampigia Kanga, aliyeshika uongozi.

"Kanuni ni yako, shoga," Kanga akamjibu.

Chiriku akajikunyata kiotani, machozi yakimlengalenga. Mara udongo chini ya mti ukafura, Fuko akachomoza pua.

"Hodi, jirani! Wiki mbili sijakusikia ukiimba juu ya paa langu. U mzima?"

"Fuko, mimi ndiye niliyekutoa!"

"Najua. Lakini u mzima?"

Siku hiyohiyo Chiriku alimsihi Kanga awarudishe wote wawili, kisha akaleta hoja: kura isifungwe mpaka aliye kimya abishiwe hodi. Wenzake wakaafiki upesi, ikabaki kura moja. Kanga akataka kuhesabu.

"Bado," alisema Chiriku. Akashuka mtini, akagonga ardhi kwa mdomo wake, taratibu.

"Hodi, Fuko."