Bakuli la Visheti

Katika mji wa ugenini alikoishi Bi Mwanakombo, vitabu vya kusoma vilichaguliwa na mashine. Ukimwambia mwenzako "soma hiki", unanyang'anywa kibali cha kuishi. Ndiyo maana jirani yake Zuhra alipomletea visheti, alificha riwaya ndani ya bakuli, chini ya visheti.

Bi Mwanakombo alikuwa ameshaisoma na kuirudisha humo afisa wa ukaguzi alipoingia kwake, akachakura visheti, akaiona.

"Bibi, kitabu hiki unampa nani?"

"Nakupa wewe, mwanangu. Kinachekesha, ila mwishoni utalia."

"Unajua naweza kukufukuza nchini?"

"Najua. Chukua na bakuli. Kwetu halirudishwi tupu."

Afisa akaondoka nalo, na riwaya ndani. Tangu siku hiyo, mlango ukigongwa, Bi Mwanakombo huufungua wote, akatazama kwanza mikono ya mgeni: ameshika bakuli, au barua ya kumfukuza nchini?

Riwaya nyingine ameshaiweka tayari.