Maswali kutoka Jomvu Kuu

"Mnyororo wake umefunikwa?"

Faraj aligeuka juu ya pikipiki kubwa nyeusi aliyokuwa ameikalia tangu duka kufunguliwa. Mlangoni alisimama dada yake Kuluthum, buibui lake limejaa vumbi la njia ya Changamwe. Swali hilo ndilo alilotumwa.

"Mwambie haukufunikwa. Pikipiki ya kiume mnyororo wake huonekana."

"Mastura asema nguo itanaswa."

"Nguo gani? Mimi navaa suruali!"

"Mimi mjumbe tu, kaka. Usinile."

Lilikuwa swali la tatu wiki ile. Mastura, mkunga wa zahanati, alikuwa mchumba wake, na kwa adabu ya kwao wachumba hawakuonana mpaka siku ya nikaha. Kila neno lilipita kwa Kuluthum. Kwanza Mastura alitaka kujua kiti kina kimo gani. Kisha akauliza kama kiki ya kuwashia ni nzito. Sasa mnyororo. Faraj hakuwa na shaka: binti wa watu alikuwa akitafuta kasoro, kwa kuwa haya zilimzuia kusema haitaki pikipiki.

Baba yake Mastura, Mzee Mwinyihaji, hazikumzuia haya zozote. Ijumaa iliyopita alimsimamisha Faraj nje ya msikiti, watu wakivaa viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia wanunua tukutuku. Kwa nini usinunue baiskeli kama wenzako, au ungoje upate motokaa? Wataka binti yangu awe kizuka, akae eda, kabla fungate haijesha?"

"Mzee, miaka saba naenda bandarini kwa miguu. Chombo changu cha kwanza nitakichagua mwenyewe."

"Chagua. Na Mastura naye atachagua. Siku ya nikaha nitamwuliza kwa kinywa changu, na wallahi akisema hapana, ni hapana."

Maneno hayo yalimkosesha Faraj ladha ya chakula. Alimtaka Mastura tangu siku aliyomsikia akimfokea dereva wa lori aliyekataa kumpakia mama mwenye uchungu. Dereva alikuwa pande la mtu, lakini mama yule alipakiwa. Mke wa namna hiyo hapatikani kila mwaka. Lakini pikipiki nayo alikuwa akiiota tangu alipopata mshahara wake wa kwanza wa ufundi wa umeme.

Alilipapasa tangi lile kubwa jeusi mara ya mwisho, akashuka.

"Na ile?" aliuliza, akionyesha kijipikipiki cha kijani kilichobanwa ukutani. Kiti chake kilikuwa chini, mnyororo umefungwa ndani ya bati, na kiki laini hata ungeikanyaga kwa kandambili.

"Hiyo huwauzia mapadri," alisema mwenye duka.

Faraj akameza mate, akameza na fahari yake. "Itoe nje."

Jioni Kuluthum alirudi na jibu kutoka Jomvu Kuu, kwao Mastura.

"Auliza nyuma pana mahali pa kufungia mkoba?"

"Papo! Mwambie papo! Ana jingine?"

"Hana. Nilipomwambia ya hiyo ya kijani alisema alhamdulillahi, kisha akacheka."

"Akacheka vipi?"

"Kama wanavyocheka watu, kaka. Kwa meno."

Kicheko hicho hakikumpendeza hata kidogo.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Faraj aliingia Jomvu Kuu juu ya pikipiki yake, kanzu ameikunja hadi magotini, joho likipepea nyuma. Wanaume waliokaa barazani kwa Mwinyihaji walificha midomo kwa vikombe vya kahawa. Mwinyihaji mwenyewe hakuitika salamu mpaka mashine iliponyamaza.

Wakaketi mkekani. Sheikh wa kuozesha akafungua daftari, akamtuma mzee ndani: amwulize binti kama ameridhia, na ataje mahari yake. Hiyo ni haki ya bibi harusi. Anachokitaja na kupewa huwa mali yake peke yake, mume haigusi ila kwa idhini.

Kwa kawaida jambo hilo halimalizi kikombe kimoja. Mwinyihaji aliingia, asitoke. Kahawa ikamiminwa mara ya pili. Huko ndani sauti ya mzee ilipanda, ikashuka, ikapanda tena.

Badawi, rafiki yake Faraj, akamsogezea mdomo sikioni. "Ungenunua baiskeli."

"Nyamaza."

"Hata hii leo ungekuja kwa mguu tu."

"Badawi, nitakutoa meno mbele ya sheikh."

Jasho lilikuwa limelowesha kofia yake. Akapiga moyo konde: mzee akitoka na neno la kukataliwa, atainuka, na atairudisha pikipiki dukani jioni hiyo hiyo, kisha aje kupiga magoti. Hakuna chuma kilichomfikia Mastura.

Mwinyihaji akatoka, uso umemkunjamana kama aliyelamba shubiri.

"Nimemwuliza mara tatu," alisema, bila kumtazama mtu.

"Naye?" sheikh aliuliza.

"Mume amemridhia."

Faraj akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Lakini pesa za mahari hazitaki. Msahafu asema anao. Kitanda asema kipo." Mzee akanyoosha kidole nje. "Ataka lile."

Baraza zima likageuka kuitazama pikipiki ya kijani. Sheikh akachovya kalamu wino, akamwangalia Faraj.

"Umekubali?"

"Ni… nimekubali."

Nyuma ya pazia la mlango ikasikika sauti ya Mastura, tulivu kabisa: "Mwambieni asinune. Jumatatu nitampakia mpaka kazini."