Kibuyu cha Kabugho Ndani ya Pijo

Gari, Pijo kuukuu, ilikohoa mara tatu ikazima, mji wa Kisinga ukiwa bado mbali. Ndani mlikuwa na bibi harusi, mitungi ya pombe ya ndizi na Kabugho, mama wa bibi harusi. Kanisani huko Kisinga, padri asiyejua kungoja alikuwa akiwangoja.

Dereva alikuwa mume wa binti mkubwa wa Kabugho. Kwa adabu ya kwao, mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Basi mkwe alifungua boneti, akaliambia gari:

"Chujio ya hewa imekufa na vumbi. Nikiitoa, injini itakula barabara yote ya Bwera."

Kabugho, akiwa amempa mgongo, naye akaliambia gari:

"Pole, mzee. Hata pombe yangu iko na takataka, lakini mimi nachuja na nyasi."

Akachomoa kibuyu chake cha kuchujia, chenye shingo nyembamba na tumbo lililoshindiliwa nyasi, bado kinanukia ndizi mbivu. Akakipitisha juu ya bega bila kugeuka.

Mkwe akang'oa chujio, akachomeka shingo ya kibuyu kwenye mpira unaoingiza hewa kwenye injini, akavua mkanda wa suruali, akaufunga hapo kwa nguvu. Akapiga stati.

Injini ikaguna, ikavuta pumzi ndefu, ikanguruma.

"Imepona!" Mkwe akaruka nje, mikono yote miwili juu. Suruali ikashuka mpaka magotini.

Kabugho alikuwa ameshageuka kutazama.

"Twende, mzee," akaliambia gari. "Mimi sijaona kitu."