Glavu za Mtaala

Siku hizi mwanafunzi wa uuguzi hafundishwi na mwalimu, hufundishwa na glavu. Huzivaa siku anapoandikishwa chuoni, na hazivui mpaka ahitimu. Glavu humwongoza kuchoma sindano na kufunga vidonda. Jambo lisilokuwamo kwenye mtaala hulikataa katakata.

Siwema alirudi nyumbani kwa likizo, glavu zake mikononi, akamkuta mama yake hoi kitandani.

"Nishike mkono, mwanangu."

Siwema akaunyoosha mkono, lakini vidole vikakakamaa hewani. Glavu ikasema kwa upole: "Somo la kumshika mgonjwa mkono limefutwa."

"Limefutwa na nani? Huyu ni mama yangu!"

Akaenda kuchukua mkasi. Kukata bandeji lilikuwa somo la kwanza, kwa hiyo glavu zikaushika bila ubishi.

"Watakufukuza chuo, Siwema," mama akasema.

"Na wanifukuze!"

Akazichana zote mbili, akazitupa chini, akaukamata mkono wa mama kwa mikono mitupu. Mama akatulia, kisha akamtazama.

"Mbona unanipima mapigo?"

Kweli, vidole vyake vilikuwa vimejipanga vyenyewe juu ya mshipa. Siwema hakuuachia ule mkono.

"Basi nifundishe wewe, mama."