Abiria wa Kwanza wa Songo

"Pole pole, kaka," Bruno alisema tena kutoka nyuma. "Usitikise mama."

Sévère akapunguza mwendo wa pikipiki. Tangu awapakie pale Kimanga kuwapeleka Songo, mteja huyu hakuwa na neno lingine. Mama yake, Anne-Marie, alikaa katikati yao, amejitanda kitenge kichwani. Kitenge kingine kilimfunga kiunoni pamoja na mwanawe, asianguke. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya koti la Sévère.

"Mama iko na homa?"

"Apana. Homa imeisha."

Lami ilipoishia, chini ya kilima cha Songo, polisi akawasimamisha. Basi jipya lilikuwa limeegeshwa katikati ya njia, limepambwa matawi ya mitende, na spika zinapiga kelele. Ndilo basi ambalo watu wa Songo waliahidiwa kura baada ya kura. Sévère alilichukia hata kabla hajaliona. Kijiweni kwao kila mwendesha pikipiki alijua litawanyang'anya wateja. Lakini kile kichwa kilipoteleza begani mwake, kinyongo kikamtoka.

"Chef!" akamwita polisi kwa sauti. "Miye niko na mama mugonjwa hapa! Hii basi ni ya watu wa Songo, ao ni ya mapicha? Mumupandishe!"

"Acha, kaka," Bruno alinong'ona. "Tafazali. Tupite tu."

"Weye nyamaza. Mama yako anateseka, weye unaona haya?"

Mheshimiwa aliyekuja kuzindua basi alikuwa amesikia. Uso ukamchangamka. "Abiria wetu wa kwanza huyo! Mleteni!"

Bruno alimtazama polisi, akameza alichotaka kusema. Hakukubali mtu mwingine amguse mama yake. Alimbeba mwenyewe, akamketisha kiti cha mbele, akakaa ubavuni pake akimkumbatia. Wapiga picha wakajazana dirishani.

"Mama huyu amengoja vya kutosha!" mheshimiwa akatangaza kwenye kipaza sauti. "Kuanzia leo, hakuna mzee wa Songo atakayekosa gari la kumfikisha hospitali! Mama, tupungie mkono kidogo!"

Bruno aliinamisha uso. Kisha akaushika mkono wa mama yake, akauinua, akaushusha. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Sévère alijikuta anapiga makofi.

Utepe ukakatwa, magari ya wakubwa yakaondoka, spika zikazimwa. Dereva wa basi akageuka kitini.

"Mushuke sasa. Kule juu hatupande, barabara ni mashimo tupu. Leo ilikuwa sherehe tu."

Bruno alishuka na mama yake mikononi, akamrudisha juu ya pikipiki bila kumtazama mtu. Sévère alishikwa na hasira na aibu; yeye ndiye aliyewaingiza katika mchezo ule.

"Wako na roho mbaya hawa!" alisema. "Sikiliza, tugeuze. Ninamupeleka hospitali mbio, sitaki hata franga moja. Hii mama anaweza kutufia hapa njiani."

"Tunatoka huko, kaka," Bruno alijibu, akikaza fundo la kitenge kiunoni. "Tulimutafutia gari usiku muzima tukakosa, tukafika tumechelewa. Daktari mwenyewe ndiye alimufumba macho."